Chujio la Utani

Asubuhi ya siku ya mawingu, katika nyumba ya ghorofa mtaa wa Isevya, jijini Tabora, mwanamke mmoja aliliambia birika lake la chai, "Basi, imetosha." Hakupiga kelele wala hakulia. Alisema kwa sauti ya mtu anayefunga duka. Ukutani, juu ya jokofu, kilikuwapo kidude cheupe cha duara, ukubwa wa kisosi, na taa yake iliyokuwa ya kijani ikageuka nyekundu. Birika halijachemka bado, hodi ikabishwa mlangoni.

Aliyebisha hakuwa mtu. Alikuwa Mliwazi, roboti mwenye kimo cha mtoto wa darasa la nne, magurudumu ya mpira laini, kifua cha kitambaa chenye joto, na mikono miwili isiyojua kazi nyingine ila kushika kikombe na kumpa mtu. Hakusema pole wala hakuuliza shida ni nini. Aliuliza neno moja tu, kwa sauti nzito ya mwanamume wa makamo, yenye lafudhi ya Unyamwezi:

"Umekula?"

Mwanamke akamkodolea macho. Kisha akaketi sakafuni, akaanza kulia kilio ambacho pengine kilikuwa kimemngoja miaka miwili. Mliwazi akakunja magurudumu yake, akaketi naye. Wakati huohuo nesi wa kata alikuwa ameshapewa taarifa na yuko njiani.

Upande wa pili wa jiji, katika chumba cha Kitengo cha Usikizi, nukta nyekundu kwenye ramani ya ukutani ikafifia, ikarudi kuwa kijani. Mihayo Kasubi akajiegemeza kwenye kiti chake, mikono kisogoni.

"Nimeokoa mtu mwingine, Mzaramo," akasema. "Wewe leo umefanya nini, ukiacha kumaliza sukari ya ofisi?"

"Nimekuvumilia wewe, mpagazi," akajibu Injinia Mwamvita Pazi bila kuinua macho. "Hiyo peke yake ni kazi ya kulipiwa mshahara."

Sauti ile ya Mliwazi ilikuwa ya Mihayo. Walipokuwa wakimuunda roboti yule, walijaribu sauti za watangazaji, za mapadri na za masheikh, na watu wote waliojaribiwa wakasema wanahisi wanahubiriwa. Ndipo Mihayo, fundi wa vinasa sauti, alipoketi mbele ya kipaza sauti kwa mzaha na kuuliza, "Umekula?" Alishikilia kwamba hakuna mtu anayeweza kulijibu swali la "una nini?" siku mbaya, ila la chakula kila mtu ana jibu lake. Alikuwa sahihi. Kuanzia hapo sauti yake ikawa inaingia katika nyumba za watu asiowajua kila siku, na yeye akawa anatamba nayo ofisini kama mwenye redio yake.

Chanzo cha yote kilikuwa Kizibo. Ndivyo watu walivyouita ugonjwa ule, maana uliyaziba mapafu ya mtu mzima kwa siku chache mpaka hewa ikakosa njia. Uliingia Tabora kwa treni za kasi, na jiji likafungwa. Kila nyumba ikafungiwa Msikizi, kile kidude cha kisosi, ili kitambue kikohozi cha Kizibo kabla mwenyewe hajakigundua. Watu walikubali kuwekewa sikio ukutani kwa ajili ya kikohozi. Kikohozi kilipoisha, sikio likabaki, likapewa kazi mpya.

Kazi hiyo mpya ilikuwa kusikia kukata tamaa. Akili unde iliyokuwa nyuma ya Msikizi ilifundishwa kupima sauti ya mtu: mwendo wake, vituo vyake, maneno yanayopungua siku hadi siku, jinsi mtu anavyoacha kusema "kesho". Wakuu walikuwa na hofu ya kweli. Walidhani watu waliofungiwa ndani, wasio na kazi, waliozika wafu wao kwa kutazama kioo cha simu, wangejiua kwa wingi. Ajabu ni kwamba haikuwa hivyo. Katika miaka miwili ya Kizibo, idadi ya waliojiua ilishuka kuliko wakati wowote kabla yake. Viongozi wakapeana ngao za shukrani, wakapiga picha na Mliwazi, na picha moja ikabandikwa hata kwenye lango la stesheni.

Mwamvita hakuzipenda ngao zile. Alijua kwamba wakati wa shida ya wote, kila mtu ana nafasi yake. Jirani anakuulizia dirishani, serikali inakuletea unga, hata mtu uliyekosana naye anakupungia mkono. Hakuna anayejiona peke yake maana hakuna aliye salama. Hatari huja baadaye, milango ikishafunguliwa, wengine wakirudi kwenye harusi zao na biashara zao, nawe ukirudi kwenye chumba chenye kitanda kimoja zaidi ya mahitaji.

Na ndivyo ilivyokuwa. Mwaka wa tatu, Kizibo kikiwa kimeshakuwa hadithi ya kuwatishia watoto wasionawa mikono, watu walianza kujiua. Mwalimu mmoja, kisha dereva wa treni, kisha mama mwenye mgahawa uliokuwa umejaa wateja. Jambo lililomnyima Mwamvita raha ni kwamba katika nyumba zao Msikizi alikuwa mzima, anafanya kazi, na taa yake ilikuwa ya kijani mpaka mwisho.

"Kuna tundu mahali," mkuu wa kitengo, Dakta Hobokela, aliwaambia. "Mtambo unasikia kikohozi cha panya lakini hauwaoni hawa. Injinia, nataka unitafutie tundu hilo. Kila wiki unayochelewa mimi naenda msibani."

Mwamvita na Mihayo wakaanza kutafuta. Walipima nyaya, wakapima vinasa sauti, wakaifundisha upya akili unde kwa lugha za Kinyamwezi, Kisukuma na Kiha. Hawakuona kitu. Kulikuwa na sehemu moja tu ambayo hawakuigusa, kwa sababu wote wawili waliamini ndiyo sehemu bora kuliko zote waliyowahi kuitengeneza. Hiyo ilikuwa chujio la utani.

Chujio hilo lilizaliwa siku ya kwanza ya majaribio. Mihayo alikuwa amemwambia Mwamvita, "Mzaramo, ukifa leo nitakuzika na redio yako, wafu nao wakome kulala." Mwamvita akajibu kwamba yeye atamzika Mihayo amesimama, maana Mnyamwezi hata akifa lazima abebe mzigo. Papo hapo Msikizi wa ofisini akawaka nyekundu, Mliwazi akaja mbio, akampa kila mmoja kikombe cha maji ya uvuguvugu. Ofisi nzima ilicheka mpaka watu wakashika mbavu.

Ilikuwa kichekesho, lakini ilikuwa pia shida. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, Wanyamwezi walipokuwa wapagazi wa kubeba mizigo hadi pwani, na utani wao wa kwanza ni kifo. Watazikana, watarithiana nguo, watauza maiti. Shemeji na shemeji hutaniana vivyo hivyo, na babu na mjukuu wake, na Mkwere na Mgogo nao wana watani wao. Nusu ya jiji ilikuwa inaizika nusu nyingine kila siku kwa vicheko, na Mliwazi akawa anahangaika kutoka nyumba hadi nyumba kuwaliwaza watu wanaocheka. Kwa hiyo Mwamvita na Mihayo wakaufundisha mtambo: maneno ya kifo yakisemwa kati ya watani, kwa sauti ya mzaha, yahesabiwe si kitu. Kengele za bure zikaisha. Kila mtu akapumua.

Ni wao tu, wenyeji, ambao wangeweza kufanya kosa lile. Mgeni asingejua utani ni nini, na mtambo wake ungeendelea kupiga kelele za bure, na huenda kelele zile za bure zingewaokoa watu.

Mke wa Mihayo, Nyamizi, alikufa katika mwaka wa pili wa Kizibo. Alizikwa na Mzishi, mashine ya miguu sita iliyokuwa ikichimba, ikishusha na kufukia bila kugusana na mtu. Mihayo na binti yake Kalekwa walitazama kwenye kioo. Hapakuwa na matanga, wala mtani wa kulala kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe chochote. Mwamvita naye alimzika mama yake, huko Kisarawe, kwa njia hiyohiyo, kikombe cha chai mkononi, na picha ikakatika kabla udongo haujaisha. Kesho yake walirudi kazini wote wawili, wakataniana. Kazi ilikuwa nyingi na watu walikuwa wanakufa. Nani angekaa kulia?

Siku moja ya mwanzo wa masika, wakati wa chakula cha mchana, Mihayo alileta ofisini michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa kwa karanga. Hakuigusa. Aliisukuma mbele ya Mwamvita, akaketi juu ya meza.

"Mzaramo, jiandae," akasema. "Karibuni unakuja kunichimbia kaburi. Wakati wa Nyamizi mlikwepa kazi, mkasingizia ugonjwa."

Mwamvita alikuwa ana njaa, na alikuwa amechoshwa na ramani. Alifurahi kupata mtu wa kumchekesha.

"Nitalichimba fupi," akasema, mdomo umejaa. "Miguu ibaki nje. Wapagazi mmezoea kutembea."

"Lichimbe pana basi. Usije ukanibana."

"Pana la nini? Au na mimi nilale humo? Sawa, nisogezee. Mwenyewe nimeichoka dunia hii, sioni inanipa nini."

Wakacheka. Walicheka mpaka Mwamvita akafuta machozi kwa kiganja, na Mihayo akafuta yake kwa kofia ya sufu aliyokuwa haivui hata wakati wa joto. Kisha Mihayo akauangalia ukuta. Taa ya Msikizi ilikuwa ya kijani, imetulia.

"Chujio letu linafanya kazi vizuri," akasema.

"Limetengenezwa na Mzaramo."

"Ndiyo," akasema Mihayo. "Ndiyo maana halisikii."

Mwamvita alicheka tena. Baadaye angejiuliza kwa nini alicheka, na jibu lingekuwa rahisi na la kuumiza: mtani akikutania, unacheka. Ndiyo adabu yenyewe.

Jumatatu iliyofuata Mihayo hakufika kazini. Kabla ya saa sita simu ya Mwamvita ililia, na alikuwa Kalekwa, binti wa Mihayo, nesi kijana wa hospitali ya mkoa.

"Shangazi," akasema.

"Niambie, mwanangu."

"Baba amejiua."

Mwamvita alifika nyumbani kwa Mihayo, mtaa wa Ng'ambo, akiwa hakumbuki alipita njia gani. Nyumba ilikuwa imefagiwa. Vyombo vilikuwa vimeoshwa na kuinamishwa vikauke. Juu ya mlango wa chumba, Msikizi alikuwa anang'aa kwa taa yake ya kijani, na Mwamvita akatamani kuking'oa kile kidude na kukikanyaga. Aliogopa watu wangemwona. Akamshika Kalekwa mkono, wakakaa mkekani.

Shemeji wa marehemu, kaka yake Nyamizi, alisimama mbele ya waombolezaji akatangaza kwamba Mihayo ameondoka kwa presha. Watu wakaitikia kwa vichwa. Kila mmoja alijua, na kila mmoja akajua kwamba mwenzake anajua, na bado presha ikapokelewa. Jiji zima lilikuwa limezoea kupokea presha mwaka ule.

Matanga yalikuwa yameruhusiwa tena, lakini watu walikuwa wamesahau namna ya kuyakaa. Walikaa mbalimbali, kila mtu na kiti chake, kana kwamba Kizibo bado kiko uani. Wanawake walipika kimya. Hakuna aliyejua aanzie wapi. Siku ya kuondoa tanga, bibi mmoja wa Kinyamwezi akamtazama Mwamvita kwa hasira.

"Mzaramo, umekuja kula tu? Mwenzio amelala chini na wewe umenuna. Watani wake wako wapi?"

Ilikuwa amri, na ilikuwa haki. Mtani hana ruhusa ya kulia msibani. Kazi yake ni kuwarudishia wafiwa pumzi zao. Mwamvita akaingia ndani akatoka amevaa koti la Mihayo na ile kofia ya sufu. Akatembea uani kwa mwendo wa Mihayo, tumbo mbele, mikono kisogoni. Akaisogelea sufuria, akachungulia, akaguna kama yeye. Mtoto mmoja akacheka kwanza. Kisha bibi yule. Kisha kicheko kikapita uani kote, na watu wakaanza kusogeza viti karibu karibu.

"Mzaramo, jiandae!" Mwamvita akaunguruma kwa sauti ya marehemu. "Karibuni unakuja kunichimbia kaburi! Na ulichimbe pana, usinibane!"

Watu wakapiga makofi. Pembeni, Bwana Mkude, Mkwere, fundi wa reli, akainua mkono huku akicheka.

"Kumbe na wewe? Mimi aliniambia nije na koleo langu mwenyewe, la kwao limeibwa na Wakwere!"

Wakacheka zaidi. Bi Chausiku, Mzaramo muuza maua wa stesheni, akadakia: "Mimi aliniambia nimwekee maua ya Jumamosi. Hata yakiwa yamenyauka, akasema, mwenye kuzikwa hatayaona."

"Mimi je?" akasema mdogo wake Nyamizi, shemeji wa marehemu, kutoka jikoni, mwiko mkononi. "Aliniambia nianze kutafuta mtu mwingine wa kunitania, yeye mkataba wake…"

Hakumaliza. Kicheko kilikuwa kimeshaanza kufa. Kilimtoka Bwana Mkude kwanza, kisha Bi Chausiku akaziba mdomo kwa kanga. Watani walitazamana, mmoja baada ya mwingine, kila mtu akiwa ameshika kipande chake cha neno lilelile. Mihayo alikuwa ameaga. Aliaga mlango kwa mlango, kwa kila mtu aliyekuwa na ruhusa ya kuambiwa jambo kama lile, na kila mmoja wao alimcheka.

Kalekwa aliinua uso.

"Mimi hakuniambia kitu," akasema. "Mimi si mtani wake. Mimi kila jioni aliniuliza tu kama nimekula."

Mwamvita akavua kofia. Alisimama pale uani na koti la mtu aliyekufa, mbele ya watu, akalia, jambo ambalo mtani haruhusiwi, na hakuna aliyemkataza.

Hakungoja chakula. Alikwenda moja kwa moja ofisini, akiwa bado na koti, kofia mkononi, akamkuta Dakta Hobokela. Akamweleza tundu liko wapi. Kisha wakaiamuru akili unde iwatolee sauti zilizochujwa za wale waliokufa mwaka ule. Mwalimu alikuwa amemwambia mjukuu wake kwamba sasa amrithi miwani. Dereva wa treni alikuwa amemwambia shemeji yake aje achukue kitanda, yeye amepata kingine kisicho na kunguni. Mama wa mgahawa alikuwa amemwahidi mtani wake Mgogo sufuria zote. Mtambo ulisikia kila neno, ukaona ni utani, ukalitupa.

"Walijificha humo," akasema Dakta Hobokela taratibu.

"Au waliita humo," akasema Mwamvita. "Mtu aliyeambiwa ashukuru kwamba yuko hai atakwenda kumwambia nani kwamba hataki? Hakuna pa kulisema isipokuwa kwa mtani. Na sisi ndipo tulipopaziba."

"Yeye Mihayo alilijua chujio. Alilijenga na wewe."

"Najua."

Hilo ndilo lililomtafuna. Kama Mihayo alijificha, alijificha katika chumba alichojengewa na Mwamvita. Kama aliita, alimwita aliyekuwa ameweka pamba masikioni. Alimwonyesha hata ile taa. Mwamvita hakuweza kujua ni lipi kati ya hayo mawili, na aliona wazi kwamba hatalijua maisha yake yote.

"Tuliondoe," akasema.

Dakta Hobokela akaitazama ramani. "Injinia, tukiliondoa, tutazidiwa. Wanaocheka na wanaoaga watakuwa kapu moja. Waliwazi hawatoshi hata robo. Tutakuwa tunabisha hodi kwa watu wazima waliokuwa wanataniana tu na shemeji zao."

"Tubishe. Wakicheka, tutaondoka."

"Na wale tutakaochelewa kuwafikia?"

Dakta Hobokela hakusubiri jibu. Alikuwa amekwenda misiba mingi mno mwaka ule. Akaweka kidole chake kwenye kisoma alama, Mwamvita akaweka cha kwake, na chujio la utani likazimwa.

Ramani ya Tabora ilibaki kijani kwa muda wa pumzi moja. Kisha nukta nyekundu ikawaka Kiloleni. Nyingine Isevya, mbili Ng'ambo, moja Gongoni, kisha nyingi mno kuzifuata kwa macho. Msikizi alikuwa anapitia upya maneno yote ya utani ya masika yale, akiyapima kwa mara ya kwanza kama maneno ya watu. Wengi wao, bila shaka, walikuwa watani wazima wenye afya zao. Lakini ni wapi? Ni nani? Mlango wa karakana ulifunguka kule chini, na Waliwazi wote wa jiji wakatoka kwa safu, wakatawanyika barabarani. Dakta Hobokela akaanza kuwapigia simu manesi wa kata, wale walio zamu na wale walio mapumziko.

"Nenda nyumbani," akamwambia Mwamvita. "Huna hali ya kufanya kazi leo."

Nyumba ya Mwamvita ilikuwa karibu, akatembea kwa miguu. Njiani alipishana na Mliwazi aliyekuwa anapanda kilima, na kutoka dirisha la jirani akasikia ile sauti ikiuliza, "Umekula?" na mtu ndani akicheka, "Mungu wangu, huyu naye katokea wapi!" Akaharakisha. Alifungua mlango, akaketi mezani bila kuvua koti. Chai ya asubuhi ilikuwa bado kikombeni, imefanya utando. Mbele yake, ukutani, Msikizi alikuwa amewaka nyekundu.

Alikitazama kidude kile kwa muda, akidhani kimeharibika. Hodi ikabishwa.

Mliwazi alisimama kizingitini, magurudumu yake yana matope.

"Nani amekutuma hapa?" Mwamvita akauliza. Mara akakumbuka mwenyewe. *Nisogezee. Mwenyewe nimeichoka dunia hii, sioni inanipa nini.* Alikuwa amelisema, na Mihayo alilisikia, na Mihayo naye alicheka. Walikuwa wameagana juu ya sahani ya michembe, wote wawili, na hakuna aliyembishia mwenzake hodi.

"Ule ulikuwa utani," akamwambia roboti.

Mliwazi hakujua kubishana. Hawakumfundisha. Akaingia, akakunja magurudumu, akaketi karibu na kiti chake. Kisha akauliza, kwa sauti nzito ya mwanamume wa makamo, yenye lafudhi ya Unyamwezi:

"Umekula?"

Mwamvita akafumba macho. Jibu lilikuja lenyewe mdomoni kama lilivyokuja kila siku kwa miaka mingi.

"Nile nini, mpagazi, na michembe yote umeimaliza wewe?"

Akangoja. Kwa kitambo kidogo cha ujinga alingoja kweli, masikio wazi, arudishiwe tusi lake. Mliwazi alikuwa anaipima sauti yake. Nje, mbali, hodi nyingine ilikuwa inabishwa.

"Sijaelewa," ikasema sauti ya Mihayo. "Umekula?"

Mwamvita akaiweka kofia ya sufu mezani, karibu na kikombe.

"Sijala," akasema. "Sijala tangu mama yangu afe."